Mnyaa, mshubiri, mkonge pori au adeniumu: upi unafaa bustani kavu ya Arusha au Moshi?

Anayetafuta kaktasi ya asili ya hapa kwetu ajue jambo moja kabla hajaenda kitaluni: kaktasi halisi asili yake ni bara la Amerika. Iliyo ya asili Afrika ni moja tu, *Rhipsalis baccifera*, nayo haifai bustani kavu hata kidogo. Huota juu ya matawi ya miti msituni, ikaning'iniza vikamba vyembamba visivyo na miiba, na inataka kivuli na unyevu. Ile mimea minene yenye mikono iliyoinuka juu unayoiona nyikani upande wa Makuyuni ni ya jamii ya mnyaa. Inafanana na kaktasi kwa sababu zote mbili zimezoea ukame kwa njia ileile ya kuhifadhi maji kwenye shina, lakini undugu hazina. Kuzitofautisha ni rahisi. Miiba ya kaktasi hutoka kwenye kidoa kidogo chenye manyoya, na ukiichoma kwa sindano hutoa maji au utelezi. Mnyaa hutoa maziwa meupe papo hapo.

Kwa hiyo swali la kweli ni hili: kati ya mimea ya asili inayostahimili ukame Kaskazini mwa Tanzania, upi upandwe wapi? Hapa tunalinganisha mitano: mnyaa wa ua, mnyaa kinara, mshubiri wa porini, mkonge pori na adeniumu (waridi la jangwani). Mwishoni tunasema neno juu ya mpungate, ile kaktasi ya kigeni ya vipande bapa, kwa sababu watu wengi huuliza.

Masika ndiyo kipimo, si kiangazi

Wengi huchagua mmea wakiuliza utavumilia kiu kwa muda gani. Hiyo mitano yote inavumilia. Kinachoiua bustanini ni maji yaliyotuama kwenye mizizi kuanzia Machi hadi Mei, kisha baridi na mawingu ya Juni hadi Agosti kabla udongo haujakauka. Hapo Arusha na Moshi huachana. Moshi mjini iko kwenye mwinuko wa mita 800 hadi 900 hivi, kuna joto, na udongo hukauka upesi mvua ikikatika. Arusha mjini iko karibu na mita 1,400; Julai asubuhi jua linaweza lisionekane hadi saa sita mchana. Mmea uliolowa mizizi ukiwa kwenye baridi haunywi maji, na mzizi usiokunywa huoza.

Hata ndani ya mkoa mmoja hali hutofautiana sana. Ilboru na Sakina, karibu na Mlima Meru, si sawa na Kisongo kukavu. Kibosho na Marangu si sawa na Boma Ng'ombe, Himo au njia ya uwanja wa ndege wa KIA. Ukiwa upande wa mlima, usijidanganye kwamba una bustani kavu kwa sababu tu unaona vumbi Februari.

Pima udongo wako kabla ya kununua chochote. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na upana huohuo, lijaze maji, liache likauke, kisha lijaze tena na uangalie saa. Maji ya mara ya pili yakiisha ndani ya saa tatu au nne, unaweza kupanda moja kwa moja ardhini. Yakikaa saa 12 na zaidi, panda kwenye tuta lililoinuliwa, hakuna njia nyingine. Kosa linalorudiwa kila mwaka kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi ni kuchimba shimo, kulijaza kokoto na mchanga, na kupanda humo ukiamini maji yatapita. Hayapiti. Udongo wa pembeni haupitishi maji, kwa hiyo shimo lenye kokoto linakuwa beseni, na maji ya eneo lote huingia humo.

Tuta zuri lina kimo cha sentimita 40. Kwa tuta la mita 3 kwa 1.2, lenye kingo zinazoteremka, andaa mita moja ya ujazo hivi, ambayo ni toroli kama 16. Changanya sehemu mbili za changarawe ya volkano yenye matundu, ile moramu nyepesi nyekundu au nyeusi, punje za milimita 3 hadi 8. Sehemu moja ya mchanga mkavu wa mto, wa punje kubwa. Na sehemu moja ya udongo wa juu wa shambani. Moramu ichekechwe kwanza, kwani vumbi lake likibaki hujaza nafasi zote za hewa na mvua mbili tatu za kwanza hulifanya tuta gumu. Samadi mbichi usiweke. Ikiwa unayo iliyoiva kabisa, ndoo moja inatosha tuta zima.

Mnyaa wa ua na mnyaa kinara: ndugu wawili, kazi mbili

Mnyaa wa ua, *Euphorbia tirucalli*, ni ule wa vijiti vya kijani vya unene wa penseli. Mnyaa kinara, *Euphorbia candelabrum*, Wamaasai huuita olpopongi. Ni mti wa shina moja na mikono mingi yenye pembe, nao hufika mita 10 na kuzidi. Hili jina la kinara tunalitumia hapa kwa ajili ya umbo lake, ili tusiichanganye.

Kwa ua, hakuna mmea wa ukame unaoushinda mnyaa wa kwanza kwa gharama na kasi. Mbuzi na ng'ombe hawaugusi, vipando hupatikana kila mahali, na hauhitaji kitalu. Kata vijiti vya sentimita 20 hadi 30, nyunyizia maji mahali ulipokata ili maziwa yakome, kisha viweke kivulini siku 5 hadi 7 mpaka kidonda kikauke. Panda mistari miwili iliyopishana, sentimita 30 kati ya kijiti na kijiti na sentimita 40 kati ya mistari. Ua wa mita 20 utakula vijiti 130 na kitu. Ongeza kumi vya kuziba mapengo.

Tatizo lake ni chini. Ukiuacha ukue moja kwa moja hadi kichwani kwako, miguu yake hubaki mitupu na kuku, mbwa na hata watoto hupita. Ukate ncha ukiwa sentimita 50 hadi 60, utoe matawi, kisha tena ukifika mita moja. Baada ya hapo pogoa mara moja au mbili kwa mwaka, wakati wa ukavu. Ukipogoa Aprili, kila kidonda kinalowa kabla hakijakauka, na uozo mweusi hushuka kwenye tawi.

Mnyaa kinara haupandwi kwa ua. Ni mti wa kusimama peke yake, na mwenye eneo la robo eka asiuweke karibu na kitu chochote anachokithamini. Mikono yake ni mizito, imejaa maji, na huvunjika kwa upepo au baada ya mvua kubwa. Acha mita 5 kamili hadi kwenye ukuta, paa, tangi la maji au waya wa umeme. Kipando chake ni ncha ya mkono ya sentimita 30 hadi 60. Kiache kivulini kisimame wima wiki mbili hadi tatu, kwa sababu kidonda chake ni kipana. Wengi hukipanda baada ya siku nne na kukipoteza. Kikishakuwa na gamba gumu, kifukie sentimita 8 hadi 10 tu, ukishikize kwa mawe au miti mitatu. Ukikizamisha zaidi ili kisianguke, utaozesha sehemu iliyo chini ya udongo.

Sasa jambo ambalo lingetosha kuamua peke yake: maziwa. Ya minyaa yote miwili huunguza ngozi, na yakiingia jichoni huleta maumivu makali na kutoona kwa muda. Yasiposhughulikiwa yanaweza kuacha madhara ya kudumu. Maumivu mara nyingine huchelewa, kwa hiyo mtu hudhani amepona. Anayepogoa avae glavu, mikono mirefu na miwani ya kukinga macho kama ya fundi wa kuchomelea. Miwani ya jua haitoshi kwa sababu maziwa huruka yakipita pembeni. Yakiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 20, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usitie maziwa ya ng'ombe wala dawa yoyote ya nyumbani. Na kama una bwawa la samaki, usiuweke mnyaa wa ua pembeni yake wala usitupe matawi humo: utomvu wake ni sumu ya samaki, na watu wameutumia kuvulia tangu zamani.

Nyumba yenye watoto chini ya miaka saba hivi, tunashauri usiwe na mnyaa wowote sehemu wanayochezea. Pembezoni kabisa mwa shamba, sawa.

Mshubiri wa porini: chaguo letu la kwanza kwa bustani ya nyumbani

Kama nafasi yako ni ya kupanda aina moja tu, panda mshubiri. Hautoi maziwa ya kuunguza, hauangushi mikono, mzizi wake hauvunji ukuta, na maua yake huwaita chozi, wale ndege wadogo wa kung'aa, wakati bustani nyingine zimekauka. Usiuchanganye na aloevera ya sabuni na mafuta. Hiyo asili yake ni Arabuni.

Mishubiri mitatu ya kwetu inafaa kufikiriwa, na tofauti zake ni kubwa kuliko zinavyoonekana kitaluni.

*Aloe secundiflora* ndiyo ya nyika kavu. Majani yake ni mapana, ya kijani iliyofifia, yenye meno ya kahawia, na bua la maua hufika mita moja hadi moja na nusu. Huishi peke yake bila kutoa machipukizi ya pembeni, kwa hiyo hauwezi kugawanywa. Utanunua miche au utasia mbegu. Unafaa Kisongo, Boma Ng'ombe, Mererani na Himo. Sakina huoza.

*Aloe lateritia* ni mfupi, una madoadoa meupe kwenye majani, nao unavumilia mvua na baridi ya miinuko. Kwa Ilboru, Tengeru na upande wa juu wa Moshi huo ndio tungeupendekeza, hata kama jirani ana ule mwingine. Ukame wa miezi mitatu unaustahimili, ila ncha za majani hukauka na kuwa nyekundu.

*Aloe volkensii* ni mshubiri wa shina, unaorefuka kuliko mtu. Ukitaka mmea wa kusimama katikati ya bustani kama ambavyo mnyaa kinara ungesimama, lakini bila maziwa, ni huu. Shina lake ni moja au machache, hivyo mita 1.5 hadi 2 kutoka ukutani zinatosha. Majani makavu ya chini yaache yaning'inie. Yanalinda shina na jua.

Kwa tuta la mita 3 kwa 1.2, panda mishubiri 10 ya aina fupi, sentimita 60 kati yao. Mbegu zifunikwe kwa mchanga wa milimita 2 au 3 tu. Huota baada ya wiki mbili hadi nne zikiwa mbichi. Mishubiri mingi haijichavushi yenyewe, kwa hiyo mmoja peke yake utatoa maua mazuri na mbegu chache au hakuna. Tarajia maua mwaka wa tatu au wa nne.

Mshubiri una adui mmoja wa kuogopwa: utitiri. Ukiona uvimbe kama uyoga wenye mikunjo kwenye jani au kwenye bua la maua, huo si ugonjwa wa kumwagia dawa ukapona. Kata sehemu yote hadi kwenye nyama safi, ichome moto, na ufute kisu kwa spiriti kabla ya kugusa mmea mwingine. Vidung'ata vyeupe kwenye kikonyo cha majani ni kazi nyepesi zaidi: pamba yenye spiriti, au kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, jioni, rudia baada ya siku saba mara tatu.

Mkonge pori

Huu ndio oldupai wa Wamaasai, uliolipa jina bonde la Olduvai. Majani yake ni magumu, yamesimama kwa mpangilio wa feni, na kila jani lina ncha kali ya kahawia. Unakua polepole mno, lakini hakuna mmea kwenye orodha hii unaovumilia uzembe kama huu: kivuli cha nusu siku, jua kali, mvua, ukame, udongo mbaya. Gawanya shina la chini ya udongo kwa kisu, kila kipande kiwe na majani mawili au matatu, kiache siku tatu hadi tano, panda. Kipande cha jani peke yake nacho huota mizizi, ila utangoja miezi.

Kwa kuzuia watu chini ya dirisha ni bora kuliko mnyaa. Ncha zake kata sentimita moja kwa mkasi kama watoto hupita, kwani ziko kwenye usawa wa macho yao. Ukiwa Mchagga aliyezoea ua wa masale huko juu na sasa umejenga tambarare, mkonge pori ndio utakaoshika nafasi hiyo. Masale yanataka unyevu ambao tambarare hauna.

Adeniumu: Moshi ndiyo, Arusha kwenye chungu

Maua yake ya waridi yanauza mmea huu kuliko sifa yake yoyote, na ndiyo sababu Arusha wengi huununua, wakaupoteza mwaka wa kwanza. Ni mmea wa joto. Moshi mjini, kwenye mashamba ya miwa ya TPC na Himo unaweza kukaa ardhini kwenye tuta, jua siku nzima. Arusha uweke kwenye chungu chenye matundu, chini ya upenu kuanzia Machi hadi Agosti, na maji yasizidi nusu lita kila wiki tatu ukiwa hauna majani. Kupukutisha majani wakati wa baridi si kufa. Bonyeza shina la chini. Likiwa gumu, uache. Likibonyea, kata hadi kwenye nyama nyeupe isiyo na doa, uache ukauke kivulini wiki mbili, uanze upya.

Nunua uliootokana na mbegu. Uliotokana na kipando utachanua mapema, lakini lile shina nene la chini huwa halijengeki vizuri. Utomvu wake ni sumu ya moyo, na wawindaji wa Afrika Mashariki waliutumia kwenye mishale. Nawa mikono baada ya kupogoa na uweke mbali na mbuzi.

Je, mpungate?

Mpungate si wa kwetu, na tunaukataa kwa bustani iliyo karibu na malisho. Tembo, nyani na ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu, na kila kipande kinachoanguka huota. Laikipia, Kenya, umeharibu maeneo makubwa ya malisho, na Serengeti tayari umeonekana. Tayari unao? Ung'oe, ukaushe juu ya bati au zege, uchome. Usiutupe korongoni.

Wakati wa kupanda na maji ya mwaka wa kwanza

Arusha, kata vipando mwishoni mwa Agosti, panda Septemba hadi mapema Oktoba. Joto linapanda, hewa ni kavu, vidonda hufunga, na vuli inaikuta mizizi ikiwa tayari. Moshi unaweza kuanza Juni kwa sababu udongo haupoi sana. Februari usipande popote: masika itakuja kabla mmea haujajishika.

Baada ya kupanda, wiki ya kwanza bila maji. Vipando vya mnyaa kinara, wiki mbili. Kisha lita 2 kwa kila mmea kila baada ya siku 10 hadi 14 mpaka mvua ianze. Mwaka wa pili acha kabisa, isipokuwa tambarare kavu ya Mererani na Boma Ng'ombe, ambako lita 5 mara moja kwa mwezi, Agosti hadi Oktoba, huusaidia mshubiri utoe maua. Mmea wenye kiu hukunja majani na kuwa na mikunjo. Uliozidishiwa maji huwa laini, wa njano, unaopitisha mwanga kuanzia chini. Ukikosea kuzisoma dalili hizi utamwagilia mmea unaooza.

Kitaluni, tikisa mche taratibu. Ukiyumba ndani ya kopo, hauna mizizi bado. Usinunue uliochimbwa porini, utautambua kwa mizizi mikuu iliyokatwa kwa jembe na majani yenye makovu. Kuchimba ndani ya hifadhi ni marufuku, na mishubiri ya porini, kaktasi na minyaa minene haivuki mpaka bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Uliza pia kama mche umekaa chini ya neti ya kivuli. Kama ndiyo, weka alama ya upande uliotazama jua, uupande ukitazama upande huohuo, na uufunike kwa majani makavu saa za mchana kwa wiki mbili. Mabaka meupe yanayotokea ukiuanika ghafla hayapotei. Yatabaki mpaka jani hilo life.